Wote Wanaelekea Mlangoni

3 Februari

Daktari wangu,

Sisi hatujambo, isipokuwa kiuno changu, ambacho siku hizi huamka baada yangu na kunilaumu kwa kutangulia. Nakuandikia kwa sababu unaijua sheria ya nyumba hii: simu ni ya misiba na ya waliokosea namba. Mambo ya maana tunaandika. Mama yako anasema sheria hiyo niliitunga siku niliposhindwa kuona vitufe, lakini usimsikilize.

Nimepewa kazi. Makumbusho yetu yanafungua ukumbi mpya wa namna wanyama walivyotoka majini wakaja nchi kavu, na ukuta wote mrefu ni wangu. Mkuu amenipa michoro, magunia ya plasta, na imani kubwa kuliko plasta yenyewe. Upande wa kushoto nimepaka bahari, kisha tope, kisha mchanga, kisha majani, na mwisho kabisa ndipo ulipo mlango wa kutokea. Wanyama wanajitokeza ukutani nusu mwili: papa, pomboo, kambare, yule samaki wa kale mwenye mapezi manene kama mikono, chura, mjusi, kobe, kuku, panya, nyani, halafu mtu. Mtu nimemtengeneza kwa kujitazama kwenye kioo. Tumbo nimempunguzia kidogo, kwa heshima ya sayansi.

Wote wanaangalia mlangoni. Hiyo ni sheria ya karakana, niliyopewa na fundi aliyenifundisha: mnyama aangalie anakokwenda mgeni, ili mgeni afuate. Ukimgeuza mmoja tu, watu wanasimama, wanagongana, mtoto analia.

Nataka mambo mawili kwako. La kwanza, nikagulie mpangilio huu, maana anayesomea udaktari wa wanyama ni wewe. La pili, ufunguzi ni tarehe 12 Aprili, na nimemwahidi Mkuu kwamba atakayewaeleza wageni ni wewe. Kila nikipita mbele ya ukuta ule naiona nyumba yetu. Babu yako alivuta kamba ya kivuko maisha yake yote, maji yakimfika kifuani. Mimi nikawa wa kwanza kwenda kazini na viatu, na tangu hapo maji sijayaruhusu kupita kifundo cha mguu. Wewe utavaa koti jeupe. Safu haina kasoro.

Baba yako,
fundi wa mizoga bandia


11 Februari

Jirani wa kitanda cha juu,

Barua ya Baba uliyonitumia imefika na basi la asubuhi, asante. Nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye bwawa la vifaranga, maji kiunoni, nikacheka mpaka shangazi yako akaniuliza ni samaki gani aliyenitekenya. Kisha sikucheka tena.

Ameniahidi kwa watu. Anataka nisimame mbele ya wageni kama Daktari, na mimi chuo nimekiacha tangu Oktoba. Kila nikikaa kumwandikia ukweli nainuka. Nakwenda kubadilisha maji, nachungulia mayai ya kambare, narudi, karatasi iko vile vile. Unanijua, hata darasani nilikuwa nakaa karibu na mlango.

Humu ndani kuna barua ya kumjibu Baba. Naomba uitie posta ya chuoni, ionekane imetoka huko. Ni ya mwisho, naapa. Najua niliapa na Desemba.

Akipita mtu wa kwetu, mwambie nipo maktaba.

Wa kitanda cha chini


11 Februari

Baba, shikamoo,

Kuhusu tumbo la mtu wa mwisho, sayansi inakushukuru.

Nimekagua. Kambare usimweke kama mzee wa chura. Ni samaki wa leo kama sisi tulivyo watu wa leo. Kutambaa nje ya maji amekujua kivyake, kwa mwiba wa pezi la ubavuni. Aliye upande wa ukoo wetu ni yule wa mapezi manene. Mweke kambare pembeni kidogo, kama jirani aliyekuja kuangalia. Na kuku hakumzaa panya, Baba. Ukiwapanga hivyo wageni watadhani ni foleni ya zahanati. Ni mti wenye matawi, na kila tawi limekwenda lilikokwenda.

Kisha pomboo. Umemweka kati ya papa na kambare kana kwamba ni samaki. Ana mapezi, ndiyo, lakini anavuta hewa kwa mapafu na ananyonyesha mtoto. Wazee wake walikuwa na miguu minne, waliishi nchi kavu zama na zama, kisha wakarudi majini. Mpaka leo ndani ya mwili wake vimebaki vijifupa viwili vya nyonga ambavyo havina mguu wa kushika. Hapo baharini ni pake, simwondoi. Ila kichwa kiangalie upande wa pili. Yeye anaingia, hatoki.

Kuhusu tarehe 12 nitaangalia ratiba. Masomo yamebana. Msalimie Mama.

Mwanao


24 Februari

Daktari,

Marahaba. Kambare nimemsogeza. Kuku na panya nimewatenganisha kwa kichaka, wasionekane ndugu. Pomboo, hapana.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na huyu amekauka tangu wiki jana. Tena, kwa maneno yako, si samaki. Kuna fimbo ya chuma iliyopita tumboni mwake ikaingia ukutani. Halafu ni nusu mwili, mwanangu. Upande unaoonekana ni ngozi laini na tabasamu. Upande wa pili ni magunia, mbao, na gazeti la mwaka juzi. Nikimgeuza, wageni watasoma habari za mpira kwenye mbavu za pomboo.

Na hata ningeweza, ningewaambia nini watu? Kwamba yupo aliyefika nchi kavu, akaiona ilivyo, akaamua kurudi alikotoka? Safu nzima itapoteza maana. Ukiwa juu ya ngazi huwezi kumwambia aliye chini kwamba mwenzake ameshuka kwa hiari.

Jambo jingine. Barua yako ilikuja na matone, wino umeogelea. Mama yako alidhani ni machozi. Mimi kama fundi nikaonja pembeni: ni tope. Nikajua paa la bweni linavuja. Ila nimejiuliza mvua ya huko imesomea wapi, hata iruke kitanda cha juu imloweshe wa chini. Nimekutumia nailoni nzito iliyobaki karakana, muitandaze dari nzima, na huyo wa juu naye apate.

Kadi za mwaliko ziko kwa mpiga chapa. Nimeandikisha: "Maelezo yatatolewa na Daktari, binti wa fundi." Najua bado hujamaliza. Daktari wa mwaka kesho ni daktari.

Baba yako


2 Machi

Wa kitanda cha chini,

Nailoni ya baba yako imefika, mzigo kama mtu aliyelala. Nimeibeba kichwani hadi kituoni na kuipakia kwenye basi la huko. Kondakta kaniuliza kama ni maiti, nikamwambia ni upendo wa mzazi.

Sasa nisikilize. Baba yako kaniwekea karatasi humo, mimi nisiyemjua sura: "Mwanangu wa juu, pole na kuvujiwa." Nimeisoma nikiwa chini ya dari kavu kuliko mkate. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini hawasemi kwamba mwongo mwenyewe yuko bwawani anakula upepo na anayesimama njiani ni mimi. Barua nyingine sipeleki. Kuna kadi zinachapishwa. Mwandikie kutoka huko huko, kwa stempu ya huko.

Bado nakupenda. Shangazi anasema wewe ndiye wa kwanza asiyelalamika kuhusu harufu.

Jirani wa juu


9 Machi

Baba, shikamoo,

Bweni halivuji. Nailoni yako nimeifunikia bwawa la vifaranga, na kwa mara ya kwanza msimu huu ndege hawajapata kifungua kinywa. Niko kwenye mabwawa ya samaki ya shangazi wa rafiki yangu. Nipo hapa tangu Oktoba. Chuo nimekiacha.

Sikufeli. Sikufukuzwa. Hakuna mwanamume. Nayasema mapema kwa sababu najua miguu yako itakuwa imeshafika mlangoni.

Mwaka wa tatu nilikuwa nakata samaki waliokaa kwenye dawa mpaka wote wakawa rangi moja. Nilijua kila mfupa wao na jina la kila mfupa. Kisha wakanileta huku mafunzo ya vitendo, wiki chache tu. Siku ya kwanza nikamshika kambare naye akakataa kushikwa. Sijui nikuelezeje. Niliporudi darasani miguu haikutulia tena; nikawa mtu wa kuhesabu madirisha. Siku moja nilikwenda kuaga nikidhani nitalia, na sikulia.

Hapa natotolesha mayai, nachagua majike, nalala nimechoka. Yale niliyosoma hayajapotea, yanafanya kazi kila siku, ila yamelowa.

Ulishaniambia mtu hashuki ngazi kwa hiari. Mimi sijashuka, Baba. Nimegeuka tu, na bado ni mimi.

Tafadhali neno Daktari lifutwe kwenye kadi. Nisamehe kwa ile mvua.

Mwanao


20 Machi

Binti,

Barua imefika. Kadi zilitoka kwa mpiga chapa kabla yake na zimeshagawiwa. Wageni wataambiwa umepata udhuru. Mkuu atasoma maelezo mwenyewe.

Nailoni isirudishwe.

Fundi, Makumbusho


(Ndani ya bahasha hiyo hiyo)

Mwanangu, ni mimi Mama. Ameniachia bahasha niandike anwani na kubandika stempu, kosa lake hilo.

Mimi nilijua tangu ulipokuja Desemba. Mtu wa maktaba hana kucha zile. Sikusema kwa sababu habari haikuwa yangu.

Baba yako hatulii. Anaizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutaga. Chakula anakula amesimama. Jana alitoka kwenda kazini, akarudi kuchukua miwani, akatoka, akarudi tena kuitafuta miwani ile ile iliyo usoni. Nikamuuliza kama ana hasira, akajibu ana plasta inayomsubiri. Nikamuuliza tena, hivi mzee wako, miaka yote ile ya kivuko, aliwahi kuyalalamikia maji?  Aliinuka akaenda kufunga mlango ambao ulikuwa umefungwa.

Usimjibu haraka, lakini usinyamaze.


2 Aprili

Baba, shikamoo,

Siandiki kubishana. Naandika kukwambia kilichotokea, kwa sababu kinahusu kazi yako.

Mvua imenyesha usiku kucha, bwawa kubwa likafurika. Asubuhi tulipofungua mlango, kambare walikuwa barabarani. Kambare wazima, Baba, wanatambaa juu ya lami kwa miiba ya mapezi, mmoja huku, mwingine kule, kama watu waliotoka mkutanoni wakiwa hawajaelewana. Mwendesha baiskeli alishuka akavua kofia. Tukawaokota kwa ndoo mpaka migongo ikakataa.

Mwanzoni nilidhani wote wanatoroka kwenda mtoni. Wengine ndiyo. Lakini kulikuwa na wengine waliokuwa wanatoka mtoni, wanakuja kwetu. Walipishana katikati ya barabara, wala hakuna aliyemshangaa mwenziwe. Nikasimama na ndoo yangu nikakufikiria wewe na ukuta wako.

Tarehe 12 sitakuja. Sitaki umeme wa macho ya watu ukupige siku ambayo ni yako. Nakuombea plasta isipasuke.

Mwanao


8 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu mikono ilikuwa na kazi, na mdomo ulikuwa unaona aibu.

Katika ufundi wetu macho ndiyo ya mwisho. Mnyama anaweza kukamilika mpaka kucha, lakini hajawa mtu wa kuheshimiwa mpaka apakwe macho. Wiki iliyopita nilipanda ngazi nikaanza. Papa, sawa. Chura, sawa, kanitazama kama mdai. Nilipompaka pomboo jicho, lilinitazama kama jicho la abiria aliyepanda basi lisilo lake na anaogopa kumwambia kondakta. Nikalifuta. Nikalipaka tena. Mara ya tatu nikashuka nikakaa chini ya ukuta, nikawaza swali aliloniuliza mama yako, kama babu yako aliwahi kuyalalamikia maji.

Nimefikiri sana, mwanangu. Babu yako aliilalamikia kamba. Aliwalalamikia abiria, hasa wenye mbuzi. Alilalamikia viatu nilivyomnunulia, akavivaa siku moja kunifurahisha. Maji, hapana. Sikumbuki hata neno moja. Mimi ndiye niliyeamua kwamba anateseka, nikajenga safu nzima juu ya hilo.

Basi nikachukua msumeno. Chuma kile kilinila siku nzima na nusu ya kiuno. Wenzangu wa karakana wakamshikilia kwa kamba, tukamteremsha, na hapo ndipo nikakutana na lile tatizo nililokutajia: upande wa pili hakuwa nao. Nimeutengeneza upya, kutoka mkiani. Kazi ngumu kuliko kuanza pomboo mpya, kwa sababu lazima nusu ya leo ifanane na nusu ya jana bila kuinakili. Kabla sijafunga plasta nimetia ndani vijifupa viwili vya waya, pale pale uliposema. Hakuna mgeni atakayeviona. Ila mimi nitajua vipo.

Sasa anaangalia baharini. Palipokuwa na fimbo pamebaki tundu ukutani, nimelipaka rangi lakini bado linaonekana ukilijua. Mkuu alisimama akauliza nani ametoa ruhusa ya kuvunja safu. Nikamwambia ni mtaalamu wetu wa samaki. Akauliza, yule Daktari? Nikasema hapana, huyu ni mwingine, huyu anawashika.

Jumamosi njoo. Njoo ulivyo. Udhuru niliokutungia nimeshausahau. Chini ya kambare wangu wa plasta kuna tangi la kioo ambalo Mkuu anataka kulijaza maua ya plastiki. Nionee huruma, lete mmoja aliye hai.

Baba yako


14 Aprili

Jirani wa juu,

Nilikwenda. Nilivaa gauni lile la bluu la kuazima kwako, nikaweka ndoo yenye kambare katikati ya miguu ndani ya basi. Abiria wa pembeni alihama.

Baba alinipokea mlangoni. Hakunikumbatia, maana mikono yote ilikuwa na rangi, alichukua ndoo, akachungulia, akasema, "Huyu naye amekuja bila kuangalia ratiba?" Nikajua tumepona.

Ukumbi ulijaa. Kila mgeni ana kadi mkononi iliyoandikwa Daktari. Mkuu akamkaribisha Baba. Baba akatembea mpaka mbele, akashika kadi yake, akaitazama kana kwamba kaiandika mtu mwingine. Akasema, "Kadi imekosea, na kosa ni langu. Huyu ni binti yangu. Anafuga samaki." Kisha akakaa. Hotuba nzima ndiyo hiyo. Huko nyuma Mama alipiga makofi peke yake, akaendelea mpaka wengine wakaona aibu wakamfuata.

Nikaeleza. Nilipofika kwa pomboo watu walisimama, waliokuwa nyuma wakawagonga waliokuwa mbele, na mtoto mmoja akalia kweli, kama sheria ya karakana ilivyosema. Lakini hakuna aliyeondoka. Walitaka kujua kwa nini yule peke yake.

Wakati nawajibu nikasikia kishindo. Tangi halikuwa na kifuniko. Kosa hilo ni la kwangu, Jirani, mimi mwenye kazi. Nilikuwa nimehangaikia maneno nikasahau samaki. Kambare alikuwa sakafuni, anatambaa, tena haelekei mlangoni wala baharini, anaelekea moja kwa moja kwenye viatu vya baba yangu. Unajua Baba katengeneza samaki miaka yote hii na hajawahi kumgusa aliye hai? Alipanda kiti. Wageni wakacheka. Akaniangalia. Akashuka, akainama na kiuno chake kile, akamwokota kwa mikono miwili kama anayepewa mtoto mchanga. Kambare akampiga mkia shati lote. Hakumwachia mpaka majini.

Gauni lako linahitaji kufuliwa. Mara mbili.

Wa kitanda cha chini, ambacho nakuachia rasmi


21 Aprili

Mfuga samaki wangu,

Bahasha hii ni ya kwanza ninayoiandika anwani ya mabwawa kwa mkono wangu; zile mbili za nyuma aliziandika mama yako. Karani wa posta aliniuliza kama nina uhakika, nikamwambia sina, lakini aigonge muhuri.

Shati limefuliwa na bado linanuka. Mama yako amelianika mbali na majirani. Mimi nalinusa kila nikipita, nikijifanya natafuta miwani.

Pale kwa pomboo msongamano hauishi. Mkuu alilalamika siku mbili, ya tatu akaweka benchi, kwa hiyo sasa watu wanazuia njia wakiwa wamekaa. Kambare wako amepata kifuniko chenye matundu na jiwe juu yake. Anakula vizuri. Nikimpa chakula namwambia habari zako, naye anafungua mdomo kana kwamba anazo zake.

Yule mtu wangu wa mwisho nimemrudishia tumbo. Watoto walikuwa wananitazama mimi, wanamtazama yeye, wanacheka.

Nimeomba likizo mwisho wa mwezi, tuje huko kwenye mabwawa. Mama yako anasema yeye atabaki juu ya ukingo na mwavuli, atuhesabu tukiingia na tukitoka. Nimemuuliza kina cha maji ya huko, akasema nikuulize wewe. Basi nijulishe yanafika wapi: gotini, kiunoni, au pale yalipomfika babu yako. Mguu wangu ni namba arobaini na tatu. Kama shangazi ana viatu vya mpira vya ziada, viweke karibu na mlango.

Baba yako